Kabla ya kuweka sumaku kichwani mwa kijana mwenye usonji

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumze na wazazi wa vijana wenye usonji, pamoja na waganga wanaowahudumia, kuhusu tiba ya kusisimua ubongo kutoka nje ya fuvu. Matangazo yake yanavutia. Hakuna upasuaji, hakuna sindano, hakuna dawa ya kumeza. Kijana anakaa kwenye kiti kama nusu saa, siku tano kwa wiki, wiki nne hadi sita, halafu mzazi anaahidiwa kwamba mwanawe ataongea zaidi, atalala, atatulia na kupata marafiki.

Mashine zenyewe ni za kweli na zina kazi yake hospitalini. Ila kwa usonji wenyewe, ushahidi uliopo hautoshi kuziuza kama tiba. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA), ambayo jina lake hutajwa sana katika matangazo ya namna hii, haijaidhinisha hata mashine moja kati ya hizi kwa ajili ya kutibu usonji. Kwa sasa mahali pake ni kwenye utafiti uliopita mbele ya kamati ya maadili, ambako familia haiuziwi matumaini na matokeo hulinganishwa na ya tiba bandia. Tutaeleza kwa nini tunasema hivyo. Tutaeleza pia kazi hii inavyofanywa inapofanywa sawasawa, kwa sababu mzazi anayezijua hatua ndiye atakayegundua zikirukwa.

Kuna njia mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza hutumia sumaku na hujulikana kwa herufi TMS. Ilionyeshwa mwaka 1985 na Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza. Koili ya waya, mara nyingi yenye umbo la namba nane, huwekwa juu ya kichwa, nywele zikiwa palepale. Umeme mkubwa hupita ndani ya koili kwa sehemu ndogo mno ya sekunde na kuzaa uga wa sumaku wa takriban tesla 1.5 hadi 2, nguvu inayokaribiana na ya mashine nyingi za MRI, zile za kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, lakini kwa eneo dogo na kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Uga huo ukipanda na kushuka kwa kasi huzaa umeme ndani ya ubongo, kwenye kina cha sentimita 2 hadi 3 hivi, na neva za hapo hufyatuka. Pigo moja halibadilishi kitu cha kudumu. Ni mapigo mengi yanayorudiwa kwa mpangilio ndiyo yanayoacha athari: pigo 1 kwa sekunde huelekea kupunguza msisimko wa eneo lile, mapigo 10 au 20 kwa sekunde huelekea kuuongeza. Upo pia mtindo wa haraka uliochapishwa mwaka 2005, ambao hupiga mapigo matatumatatu, mafungu matano kwa sekunde, kwa sekunde 2, kisha hupumzika sekunde 8, mpaka yatimie mapigo 600 katika dakika 3 na ushei. Tumesema “huelekea” kwa makusudi. Watu wawili wakipewa mpangilio uleule, mmoja ubongo wake unaweza kuitikia kinyume cha mwenzake.

Njia ya pili, tDCS, haina sumaku. Ni umeme dhaifu wa mkondo mmoja, miliampia 1 hadi 2, unaopitishwa kwa dakika 20 hadi 30 kati ya sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi. Huo haufyatui neva. Huisogeza tu karibu na kufyatuka au mbali nako. Mashine yake inaenea kiganjani na haihitaji chumba maalumu. Urahisi huo ndio unaotutia hofu, na tutaurudia.

Tuanze na TMS. Kabla ya tiba yenyewe kuna kipimo ambacho hakiruki mtu anayejua kazi: kizingiti cha msuli. Mhudumu husogeza koili polepole juu ya eneo la ubongo linaloendesha mkono wa upande wa pili, akitafuta mahali ambapo pigo moja linakirusha kidole gumba. Akishapapata, hupunguza nguvu hatua kwa hatua mpaka afike kiwango kidogo kabisa ambacho bado kinamwitikisha mgonjwa mara 5 katika mapigo 10. Hicho ndicho kizingiti, na dozi yote ya tiba huhesabiwa kutoka hapo kwa asilimia: katika tiba ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu) ya watu wazima, kwa mfano, hutumika sana asilimia 120 ya kizingiti. Bila kipimo hiki dozi ni ya kubahatisha.

Kwa kijana mwenye usonji kipimo hiki kina mitego yake. Akiwa na wasiwasi akakunja ngumi, kizingiti kitaonekana kidogo kuliko kilivyo, maana msuli uliokazwa huitika upesi. Mkono sharti ulale juu ya mto mdogo, kiganja kikitazama juu, na mhudumu angoje ulegee. Watoto na vijana wadogo kwa kawaida wana kizingiti cha juu kuliko watu wazima, hivyo mashine inaweza kufika mwisho wa nguvu zake kabla kidole hakijaruka. Hapo jibu la haki ni kusema kipimo hakikupatikana, wala si kukisia namba. Dawa nazo zina mkono wake: zile za kifafa kama carbamazepine na lamotrigine hupandisha kizingiti. Dozi ya dawa ikipunguzwa katikati ya wiki, kizingiti kilichopimwa Jumatatu si cha Alhamisi tena, na nguvu iliyokuwa salama huenda imekuwa kubwa mno. Kipimo kirudiwe kila wiki, na kila dawa inapobadilishwa, pasipo hoja ya kwamba kinapoteza muda.

Baada ya hapo huja suala la mahali. Sehemu inayolengwa mara nyingi ni ya mbele ya ubongo, pembeni, inayohusika na kupanga na kujizuia. Kliniki za zamani zilipima sentimita 5 kwenda mbele kutoka mahali pa kidole gumba. Kanuni hiyo ilitokana na vichwa vya watu wazima. Kwenye kichwa kidogo sentimita zilezile zinafika kwingine. Bora kutumia picha ya MRI ya kijana mwenyewe na kamera inayofuatilia koili, au angalau kupima kichwa chake kwa futi ya kushonea, kutoka kishimo cha juu ya pua hadi kinundu cha kisogoni, na kutoka sikio hadi sikio, kisha kugawa kwa asilimia kama wanavyofanya wapimaji wa EEG, yaani mawimbi ya umeme ya ubongo.

Mahali pakishapatikana, koili haina budi kukaa papo hapo. Nguvu ya uga hupungua haraka kadiri koili inavyoondoka kichwani: kila milimita moja ya umbali kati yake na ubongo hugharimu karibu asilimia 3 ya nguvu ya mashine. Sasa fikiria kijana ambaye hujituliza kwa kujitikisa mbele na nyuma. Kumshika kichwa kwa nguvu ni kosa, na mkanda wa kumfunga ni kosa kubwa zaidi. Kinachofaa ni vipindi vifupi, mapumziko baina ya mafungu ya mapigo, mto wa shingo, na mhudumu anayesimama kando yake macho yakiwa kwenye koili, siyo kwenye simu. Ikiwa kijana hawezi kutulia dakika 3, basi mpangilio wa dakika 37 haumfai hata uandikwe vizuri namna gani.

Kelele ndiyo kikwazo kikubwa ambacho matangazo hayakitaji. Kila pigo hutoa mlio mkali kama wa mtu anayegonga kokoto mbili sikioni, na hapohapo ngozi ya kichwa hudonolewa. Msuli wa paji au taya unaweza kuruka. Kwa kijana ambaye masikio yake hayavumilii hata kengele ya shule, hilo si jambo dogo. Mlio huo unaweza kudhuru usikivu, kwa hiyo vizibo vya masikio ni lazima kwake na kwa kila aliyemo chumbani. Akivikataa, avae vifuniko vya masikio vya nje. Akivikataa navyo, hakuna tiba siku hiyo. Maandalizi mazuri huchukua siku kadhaa kabla ya pigo la kwanza: siku moja kuona chumba na kukaa kwenye kiti, siku nyingine kusikiliza mlio uliorekodiwa, kwanza kwa sauti ndogo kisha ya kawaida, kisha koili ipigwe hewani mbali naye, kisha juu ya mkono wake, mwisho ndipo kichwani kwa nguvu ndogo. Kila hatua ionyeshwe kwa picha zilizopangwa, aone kilichopita na kilichobaki.

Kwa nini basi watafiti walifikiria usonji? Mwaka 2003 Rubenstein na Merzenich walipendekeza kwamba katika baadhi ya aina za usonji mizani kati ya neva zinazochochea na zinazozuia imeelemea kwenye kuchochea. Ikiwa ndivyo, pigo 1 kwa sekunde, ambalo huelekea kutuliza, lingeweza kurudisha mizani. Kundi la Casanova na Sokhadze huko Louisville, Marekani, lilifanya kazi nyingi kwa mantiki hiyo na kuripoti mabadiliko kwenye mawimbi ya ubongo na kwenye tabia za kurudiarudia. Ila katika sehemu kubwa ya kazi hizo kundi la kulinganisha lilikuwa la watoto waliokuwa wakingoja zamu yao, siyo la waliowekewa koili bandia, inayofanana na ya kweli lakini haisisimui ubongo. Mzazi alijua kabisa kama mwanawe ametibiwa au la, na mzazi huyohuyo ndiye aliyejaza fomu ya tabia.

Utafiti wenye koili bandia unasema nini? Mfano mzuri ulichapishwa mwaka 2020 kutoka Toronto, Kanada. Washiriki 40 wenye usonji, wa miaka 16 hadi 35, wasio na ulemavu wa akili, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipata mapigo 20 kwa sekunde pande zote mbili za mbele ya ubongo, nusu walipata ya bandia, vipindi 20 kwa wiki 4. Lengo halikuwa kufuta usonji. Lilikuwa kuinua uwezo wa kupanga mambo na kushika kitu akilini. Makundi yote mawili yalipolinganishwa, tofauti ya maana haikuonekana. Palikuwa na dalili kwamba waliokuwa na shida zaidi katika kujitegemea kila siku walinufaika, na hiyo ni sababu njema ya kufanya utafiti mwingine juu yao. Si sababu ya kumtoza mzazi.

Lipo na jambo jingine linalotufanya tusichukue mipangilio ya sonona na kuihamishia kwa hawa vijana kama ilivyo. Majaribio ya Oberman na Pascual-Leone yaliwahi kuonyesha kwamba kwa watu wazima wenye usonji, athari ya mapigo ya mtindo wa haraka ilidumu muda mrefu kuliko kwa wasio na usonji. Maana yake ubongo wao huenda unabadilika kupita kiasi kwa dozi ambayo kwa mwingine ni ya kawaida. Anayewapa vipindi vitano au kumi kwa siku moja, kama inavyofanyika sasa katika baadhi ya mipango ya sonona, anaingia asikokujua.

Wazazi huuliza: lakini mtoto wa fulani alibadilika, tulimwona. Tunaamini walimwona. Kijana hukua, katika wiki sita za kwenda kliniki kila siku anapata ratiba isiyobadilika, mtu mzima anayemsikiliza, na wazazi wanaomtazama kwa makini kuliko miezi yote iliyopita. Hayo yanabadilisha mambo hata mashine ikiwa imezimwa. Usonji umeshapitia somo hili. Mwaka 1998 ilichapishwa habari ya watoto watatu waliosemekana kuchangamka baada ya kupewa homoni iitwayo secretin, na familia nyingi zikaikimbilia. Mwaka 1999 ukachapishwa utafiti wa watoto 60: nusu walichomwa secretin, nusu maji ya chumvi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na kwa kiwango kilekile. La kusikitisha zaidi, baada ya kuelezwa matokeo hayo, asilimia 69 ya wazazi walisema bado wangependa mtoto wao apewe. Hatuwalaumu hata kidogo. Ndiyo maana tunasisitiza koili bandia: inamkinga mzazi dhidi ya nguvu ya upendo wake mwenyewe.

Sasa hatari. Kubwa kuliko zote katika TMS ni kifafa. Takwimu zilizokusanywa kutoka maabara na kliniki nyingi na kuchapishwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa hutokea chini ya mara 1 katika vipindi 10,000, mradi miongozo ya usalama imefuatwa. Hiyo ni hatari ndogo, lakini takwimu hizo hazikuhesabu vijana wenye usonji peke yao. Kifafa huwapata watu wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko wengine, na ujana ni moja ya vipindi vyake vya kuanza. Kwa hiyo kliniki iulize, kabla ya kitu kingine, kama kijana amewahi kupata degedege akiwa bila homa, kama huduwaa ghafla akiitwa haitiki, kama amewahi kuumia kichwa akapoteza fahamu, kama kuna kifafa kwenye ukoo. Mficha maradhi kilio humuumbua: mzazi anayenyamaza kuhusu degedege la miaka kumi iliyopita kwa kuogopa mwanawe kukataliwa, anamweka mwanawe hatarini. Dawa zote zitajwe kwa majina na dozi, maana zingine hushusha kinga ya ubongo dhidi ya kifafa, clozapine na bupropion zikiwemo. Na kila siku, kabla ya mashine kuwashwa, aulizwe amelala kwa muda wa saa ngapi. Usingizi wa vijana hawa mara nyingi ni wa taabu, na kukesha ni kichocheo cha kifafa kinachojulikana. Kijana aliyelala kwa muda wa saa tatu tu arudishwe nyumbani, hata kama kipindi kimeshalipiwa.

Kinachotokea mara nyingi zaidi kuliko kifafa, hasa kwa vijana, ni kuzirai, na wawili hawa wasifananishwe. Anayetaka kuzirai hupauka, hutoka jasho, husema anaona giza au kichefuchefu. Akilazwa na miguu ikainuliwa, huzinduka baada ya sekunde chache na akili zake timamu. Mwenye kifafa hukakamaa, hutikisika, na akizinduka hubaki amechanganyikiwa kwa dakika kadhaa. Kijana asiyeweza kusema “naona giza” anahitaji mtu anayeujua uso wake. Kuzirai huzuilika kwa urahisi: ale na kunywa maji kabla, kiti kilazwe nyuma kidogo, na kipindi cha kwanza kisianze na nguvu kamili. Kikiwa kifafa, koili iondolewe mara moja, alazwe ubavu, asitiwe chochote mdomoni, na saa itazamwe. Kikipita dakika 5 ni dharura, na chumba kiwe na dawa ya kukikatiza na mtu mwenye idhini ya kuitoa. Kliniki isiyoweza kukuonyesha dawa hiyo ilipo, uondoke.

Vipandikizi navyo viulizwe kimoja kimoja. Kifaa cha usikivu kilichopandikizwa ndani ya sikio, klipu ya chuma kwenye mshipa wa ubongo, vali ya kupunguza maji kichwani ambayo hurekebishwa kwa sumaku, kichocheo cha neva ya shingoni ambacho wenye kifafa huwekewa: vyote hivi huzuia tiba au hudai ruhusa ya daktari aliyevipandikiza. Hereni na vibanio vya nywele vivuliwe. Maumivu ya kichwa baada ya vipindi vya mwanzo ni ya kawaida na huisha kwa dawa ndogo ya maumivu, ila kijana asiyesema ataonyesha kwa njia nyingine, kwa kujipiga kichwa au kukataa chakula jioni ile. Yaandikwe hayo, yasiitwe “tabia”.

Turudi kwenye tDCS. Inapofanywa vizuri, sponji ya sentimita 5 kwa 7 hufyonza maji ya chumvi ya gramu 9 kwa lita, kama mililita 6 kila upande. Nywele hutenganishwa mpaka ngozi ionekane, sponji hukazwa kwa mkanda wa mpira, mashine hupima ukinzani, yaani jinsi ngozi inavyozuia umeme kupita, na mkondo hupandishwa polepole kwa sekunde 30 na kushushwa vivyo hivyo. Miliampia 2 zikitawanyika kwenye sentimita 35 za mraba, kila sentimita inapata chini ya miliampia 0.06, na mtu huhisi mwasho tu. Sponji ikikauka, au ikijikunja ikagusa ngozi kwa sentimita 5 tu za mraba, umeme uleule unajikusanya mara saba pale panapogusa, na ngozi inaungua. Ikiloweshwa kupita kiasi, maji huchuruzika kwenye nywele mpaka kwenye sponji ya pili na umeme hufuata maji badala ya kuingia kichwani. Vijana wana chunusi kwenye paji la uso, na paji ndilo sponji ya pili inapokaa mara nyingi. Juu ya chunusi iliyopasuka haiwekwi. Ngozi ikaguliwe kabla na baada ya kila kipindi. Wekundu unaopotea baada ya muda mfupi si tatizo, kidonda chekundu chenye ukingo ni ishara ya kusimamisha.

Fuvu la mtoto ni jembamba na umbali hadi kwenye ubongo ni mfupi, hivyo miliampia 1 kwake inaweza kufikisha umeme unaokaribia ule wa miliampia 2 kwa mtu mzima. Wala athari haitabiriki kwa kuangalia tu upande upi ni chanya na upi ni hasi. Kwa watoto na vijana wadogo, miliampia 1 ya upande wa hasi, ambayo kwa watu wazima hupunguza msisimko, imewahi kuonekana ikiuongeza. Anayejaribu kumtuliza mwanawe huenda anamchochea.

Ndipo tunapofika kwenye vifaa vya kuunganisha nyumbani kwa betri ya volti 9. Tunawasihi wazazi wasivitumie. Hesabu ni fupi. Ngozi ikiwa na ukinzani wa kilo-omu 5, betri hiyo inasukuma miliampia 1.8, na mzazi anaona yuko ndani ya kiwango. Dakika chache baadaye ngozi imelowa vizuri, ukinzani umeshuka hadi kilo-omu 2, na betri ileile sasa inasukuma miliampia 4.5 kwenye kichwa cha kijana. Mashine halali hupima ukinzani muda wote na kupunguza volti yenyewe ili mkondo usibadilike. Waya ukichomoka, betri hukata umeme ghafla, na kijana huona mmweko machoni unaoweza kumtisha asikubali tena kuguswa kichwa. Mwaka 2016 watafiti wa fani hii waliandika barua ya wazi kuwatahadharisha watu wanaojisisimua ubongo nyumbani, na walikuwa wakisema na watu wazima wanaojiamulia wenyewe.

Kuna hali moja ambayo mazungumzo ni tofauti. Vijana wengi wenye usonji hupata sonona, na sonona kwao inaweza kuwa ya kufisha. FDA iliidhinisha TMS kwa sonona ya watu wazima mwaka 2008, na mwaka 2024 ikaidhinisha mashine ya aina hii itumike kama nyongeza ya tiba nyingine kwa wenye sonona wa miaka 15 hadi 21. Daktari wa akili akipendekeza TMS kwa kijana wa miaka 16 mwenye usonji na sonona ambayo dawa na mazungumzo vimeshindwa kuiondoa, hilo ni pendekezo la kusikilizwa. Kinachotibiwa hapo ni sonona. Mafanikio yapimwe kwa vipimo vya sonona, na hali ya kijana kutopenda kutazamwa machoni isiandikwe kuwa tiba imeshindwa.

Na kijana mwenyewe je? Sahihi ya mzazi haitoshi. Kijana wa miaka 14 anayeelewa anapaswa kuulizwa anataka kubadilisha nini, kama anataka kitu. Wapo watakaosema usingizi, wapo watakaosema hofu, na wapo watakaosema hawataki kuguswa. Asiyetumia maneno apewe ishara ya kusimamisha: kadi nyekundu mkononi, au kuinua mkono, na ishara hiyo ijaribiwe wakati mashine imezimwa. Aiinue, mhudumu asimamishe. Aiinue tena, asimamishe tena, mara tatu au nne, mpaka kijana aone kwa macho yake kwamba inafanya kazi. Akiitumia katikati ya tiba, mapigo yakome papo hapo, hata yakiwa yamebaki kumi.

Kwa wanaosimamia leseni za vituo vya afya tunaomba mambo machache. Kituo kinachotoa huduma hii kwa mwenye usonji chini ya miaka 18 kitamke kwa maandishi ugonjwa gani unatibiwa na ni mamlaka ipi imeidhinisha matumizi hayo. Kama ni utafiti, namba ya kibali cha kamati ya maadili ibandikwe kwenye fomu ya ridhaa na familia isitozwe. Kizingiti, nguvu, idadi ya mapigo na mahali palipolengwa viandikwe kila kipindi, na mzazi apewe nakala. Kadhalika hali ya kijana ipimwe kabla ya kuanza, siku ya mwisho, na tena miezi mitatu baadaye, na mtu asiyejua kama kijana huyo alipata tiba ya kweli au ya bandia.

Wako katika huduma,
Wahudumu wa afya ya akili na mishipa ya fahamu ya vijana